Kabla ya Kufungua Mlango wa Mtu

Ugumu wa kuweka tinti kwenye gari hauko katikati ya kioo. Pale katikati hata mwanafunzi mpya, akipewa maji ya sabuni na raba ya kusukumia, ataisukuma karatasi mpaka itulie. Fundi hupimwa kule chini, kioo kinapozama ndani ya mlango kati ya raba mbili, moja ya nje na moja ya ndani. Tinti hubandikwa upande wa ndani. Isiposhuka kidogo chini ya raba ya ndani, kila kioo kinapopandishwa na kushushwa raba hiyo itaukwangua ukingo wake, vumbi litanasa kwenye gundi, na baada ya muda ukingo utaanza kujikunja. Abiria wa nyuma ataona mstari mwembamba wa mwanga ukikatiza chini ya kioo chote, na hapo hata asiyejua kazi hujua kwamba kazi haikwisha.

Kufika chini ya raba kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuliacha kava la ndani la mlango mahali pake na kuipenyeza karatasi chini ya raba kwa kadi ngumu ya plastiki. Ya pili ni kulifungua kava lote, kioo kibaki wazi. Mafundi hubishana sana juu ya jambo hili. Yupo anayesema asiyefungua kava ni mvivu, na yupo anayesema anayefungua hajui kutumia vidole. Nimekaa kwenye mabishano hayo mara nyingi, maana gereji ni mahali ninapopenda kukaa, na nimefika mahali pa kuamini kwamba swali la kufungua au kutofungua mlango ni kubwa kuliko gari.

Kanoni kwetu, Karagwe, gari ni mguu wa watu wengi. Noah, Probox na IST zilizotoka Japani zikiwa zimeshatumika ndizo zinazobeba abiria, mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa na wagonjwa wanaopelekwa hospitali ya Nyakahanga. Lami ya kutoka Kyaka ilipofika Bugene ilitupunguzia mengi, lakini ukiiacha njia kuu unarudi kwenye udongo mwekundu. Anayekwenda vijiji vya ndani huku Karagwe, au upande wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka kwetu mwaka 2012, analijua vumbi linaloingia hata kwenye gari lililofungwa vioo vyote. Kuanzia Juni mpaka Agosti mvua inakatika, kahawa inavunwa, na fedha kidogo inaonekana mikononi. Kwa hiyo wateja wa tinti huja kwa wingi wakati uleule ambao hewa ina vumbi kuliko miezi mingine yote. Fundi wa Omurushaka au Kayanga hawezi kuchagua msimu. Anachoweza kuchagua ni saa. Wanaojua huanza alfajiri, upepo ukiwa bado umelala na magari hayajaanza kupita, wakamwagia maji sakafuni na kando ya kibanda kabla ya kugusa kioo.

Usafi ndio unaokula muda kuliko kitu kingine chochote. Kioo husuguliwa kwa maji ya sabuni, kikakwanguliwa kwa wembe mpya, kikapulizwa maji tena, maji yakasukumwa kwenda chini, kisha kioo kikashushwa kidogo ili ukingo wa juu ufutwe nao, kwa sababu pale juu uchafu hukaa miaka bila kuguswa. Kioo cha nyuma kabisa, chenye mistari myembamba ya umeme ya kuondolea ukungu, hakiguswi kwa wembe, maana mistari hiyo iko upande wa ndani na ikikatwa imekatwa. Halafu kuna ile raba ya ndani yenye manyoya. Ukiipulizia maji kwa nguvu inatema vumbi la Murongo na la kila barabara ambayo gari limepita. Fundi mwangalifu hubandika selotepu ya karatasi juu ya manyoya yale, ili maji yanayoshuka yasirudi na uchafu. Pia huweka taulo kavu juu ya swichi za vioo, kwa sababu maji na umeme wa mlangoni havipatani.

Sasa nije kwenye njia ya kwanza, ya kutofungua, ambayo naiheshimu sana inapofanywa na mtu anayejua. Karatasi hukatwa kwa nje ya kioo kufuata umbo lake, ikiachwa ziada ya sentimita mbili tatu upande wa chini. Kioo hushushwa vidole viwili, na ukingo wa juu wa karatasi hukatwa ubaki milimita moja au mbili chini ya ukingo wa kioo, ili usije ukakwaruzwa kioo kinapoingia kwenye raba ya juu. Kisha fundi huingia ndani ya gari. Huchuna ile ngozi nyembamba inayolinda gundi, lakini nusu ya juu tu. Nusu ya chini huiacha imevaa. Hupuliza maji yenye matone machache ya shampuu ya watoto kwenye kioo na kwenye gundi. Sabuni ikizidi gundi inachelewa kushika, ikipungua karatasi inashika kabla hujaiweka sawa. Sehemu ya juu ikishatulia, kioo hupandishwa mpaka mwisho. Hapo ndipo ngozi ya chini huchunwa, mkono mmoja ukiisogeza raba kwa kadi na mwingine ukiishusha ziada ya karatasi ndani ya mwanya, sentimita kwa sentimita, kutoka kona moja kwenda nyingine. Gundi haigusi manyoya mpaka dakika ya mwisho.

Kazi hiyo ikifanywa hivyo mlango haujui kama uliguswa. Hakuna skrubu iliyotoka na hakuna klipu iliyolia. Fundi mmoja mzee aliwahi kumwambia kijana wake wa gereji mbele yangu, "Mjukuu wangu, ukiweza kufika bila kufungua, fika." Sikuwahi kusikia maneno ya gereji yaliyonikaa moyoni kama hayo.

Lakini ipo milango ambayo haikubali. Raba nyingine zimekakamaa kwa umri, ukizisogeza zinakatika. Kwenye gari jingine tinti ya zamani imeacha gundi chini kabisa, na kubandika mpya juu ya gundi kuukuu ni kujidanganya. Na kuna milango ambayo kava limepanda juu na kukikumbatia kioo kiasi kwamba kadi haina pa kupita. Hapo kufungua ni wajibu, na anayekataa kufungua kwa kuogopa kazi naye anamkosea mteja.

Kufungua kwenyewe kunaanza kwa kuangalia. Kwenye Toyota nyingi skrubu moja hujificha nyuma ya kishikio cha kufungulia mlango, chini ya kifuniko kidogo kinachong'olewa kwa ncha, na nyingine iko ndani ya mahali pa kushika unapouvuta mlango. Baada ya hizo kava limeshikwa na klipu za plastiki pembeni na chini. Kifaa kinachotakiwa ni cha kubandulia, cha plastiki, kisichokwaruza. Bisibisi ya chuma huacha alama isiyofutika. Kile cha plastiki huingizwa karibu kabisa na klipu, si katikati ya klipu mbili, kwa sababu katikati unapinda kava badala ya kuchomoa klipu. Zikitoka zote, kava huinuliwa kwenda juu, maana limening'inia kwenye mdomo wa mlango. Hata hapo halijatoka: kuna nyaya za swichi na waya wa kishikio. Kwenye gari la vioo vya kuzungusha kwa mkono, nyuma ya mpini kuna kispringi. Fundi hupitisha kitambaa nyuma ya mpini, akakivuta huku na huku mpaka kispringi kichomoke, kiganja chake kikiwa tayari kukidaka.

Nyuma ya kava kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayobaki laini miaka yote. Wengi huiona takataka. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila mara kupitia raba ya nje, yakashuka hadi chini na kutokea kwenye vitundu, na nailoni ile ndiyo inayoyazuia yasigeukie kwenye viti. Kwa kazi ya tinti haina haja ya kuguswa, ila mkono wa haraka huichana. Ikichanika, au ikirudishwa bila kubandikwa, mvua za Machi zitalowesha zulia, na mwenye gari atahangaika kutafuta tundu kwenye paa. Hatamkumbuka aliyemwekea tinti Julai. Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote: madhara ya kufungua vibaya hufika baadaye, mahali pengine, kwa jina jingine, na aliyeyasababisha yuko kwenye kazi yake akisifiwa kwa vioo vinavyong'aa.

Waswahili wamesema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nakubali. Lakini tumelichukua neno "fungua" na kulipenda mno, tukasahau kwamba anayefungua amejitwisha kufunga.

Niliona hilo katika ukoo wetu, kilipoitwa kikao cha kusuluhisha mpaka wa shamba. Lilikuwa jambo la miti ya mpakani, nani aliing'oa na nani aipande upya. Wazee walipomfikia shangazi yangu, mjane, hawakuishia kwenye miti. Walimuuliza madeni ya marehemu mumewe. Walimuuliza kwa nini mwanawe wa kwanza hakurudi kutoka Mwanza kwenye msiba. Walimuuliza mambo ya ndoa yake ambayo hakuna mpaka wa shamba unaoyahitaji. Naye, kwa heshima ya wazee, alijibu, akilia. Mpaka ukapatikana, watu wakala, wakanawa, wakaondoka. Hakuna aliyebaki kukaa naye jioni ile. Hakuna aliyerudi kesho yake kumwambia, "Shangazi, yale uliyoyasema yamebaki kwetu." Walimfungua, wakachukua walichokuja kuchukua, wakaacha kila kitu chake mezani. Tangu siku ile haji kwenye vikao, na ndugu wanamsema kwamba amekuwa na kiburi.

Wazee wale hawakuwa wabaya. Nimewaza sana juu yao. Walikuwa na kazi halali, na pengine walidhani kwamba kujua yote ni sehemu ya kusuluhisha. Walichokosa ni kile anachokijua fundi wa kawaida: kwamba kwanza unajiuliza kama jambo linaweza kufikiwa bila kufungua, na kama haliwezi, unafungua kiasi kinachotosha tu, ukijua kila kipande kinarudi wapi. Mpaka ule ungepatikana kwa kutembea shambani na majirani wawili wa zamani.

Sisemi watu waachwe na yao. Ipo milango ya watu ambayo kutoifungua ni ukatili. Kijana aliyeanza kujitenga, binti anayerudi kutoka shuleni kila siku akiwa amenuna, mzee aliyeacha kula tangu mkewe afariki: hao wakiachwa kwa kisingizio cha kuheshimu faragha, gundi ya zamani itazidi kukakamaa chini. Mtu huyo anahitaji aketiwe na aulizwe. Ila anayeketi naye awe na muda wa kumaliza. Kama una nusu saa kabla ya gari la Bukoba, usianze.

Fundi yule mzee ana kisanduku cha bati chenye klipu za kila aina, mpya na zilizookolewa kwenye milango iliyokufa. Plastiki iliyokaa miaka ishirini juani huwa kavu. Hata mkono mwema huvunja moja mbili, na gari likirudishwa kava bila klipu zote, mlango utaanza kupiga kelele kwenye barabara ya makorongo. Kabla ya kugusa kava lolote hufungua kisanduku kwanza na kuangalia kama anazo za gari hilo. Kama hana, hafungui. Humwambia mteja arudi baada ya kuziagiza. Wateja wengine hukasirika na kwenda kwa jirani. Yeye huendelea na kazi nyingine. Nimemwona akipoteza fedha kwa msimamo huo, na watoto wake wanasoma kwa fedha hiyohiyo.

Naomba niseme jambo pembeni kidogo. Kuna wazazi huku kwetu wanaomwona kijana aliyekwenda gereji kama kijana aliyeshindwa. Linaniuma. Hii ni nchi ambayo mtawala wake Ndagara, baba yake mfalme Rumanyika, anakumbukwa kwa uhunzi, na ambayo ng'ombe wa chuma waliofuliwa kwa mikono walikuwa miongoni mwa vitu vya heshima vya ufalme kule Bweranyange. Msafiri Mwingereza Speke alifika kwa Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, na wakati huo nyundo na fuawe tayari vilikuwa vitu vya kifalme Karagwe. Mtoto anayejifunza kuisogeza raba bila kuikata anasoma, na mzazi wake angepaswa kumuuliza jioni amejifunza nini, kama anavyomuuliza yule wa sekondari.

Kufungua hakufanywi kwa kifaa peke yake. Swali nalo hufungua. Alikuja mama mmoja kwa fundi yule mzee akitaka vioo vya nyuma viwe giza kabisa, tinti ya asilimia 5. Tinti hupimwa kwa kiasi cha mwanga kinachopita: ya 5 mtu wa nje haoni chochote, ya 35 anaona kwa shida, ya 70 karibu haionekani kama ipo. Fundi angeweza kukata na kubandika. Badala yake aliuliza, "Mama, giza hili unalitakia nini?" Akajibu kwamba ana mtoto mwenye ualbino, na safari za kwenda kliniki jua linamuunguza akiwa ndani ya gari. Hapo kazi ikabadilika. Kioo cha mbele cha gari kina tabaka la plastiki katikati na huzuia karibu miale yote ya urujuanimno, lakini vioo vya milangoni kwa kawaida ni vya tabaka moja na hupitisha kiasi kikubwa zaidi cha ile miale inayozama ndani ya ngozi. Kinachoizuia si weusi wa karatasi. Zipo karatasi nyepesi zinazozuia hadi asilimia 99 ya miale hiyo, na zipo nyeusi za bei rahisi ambazo rangi yake hugeuka zambarau baada ya muda na kumwacha mtu akidhani bado amekingwa. Macho ya mtoto mwenye ualbino huumizwa pia na mwanga mkali, kwa hiyo walikubaliana ya 35 yenye kinga nzuri, mtoto apate nafuu na bado aone migomba na watu njiani. Fundi akamkumbusha kofia na mafuta ya ngozi, yale ya Kilisun yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kama atayapata. Saratani ya ngozi inawaua ndugu zetu hawa wakiwa vijana, na mama yule alikuwa karibu kulipia giza badala ya kinga.

Kwa milango ya mbele fundi huyu ni mgumu zaidi, na mimi niko upande wake kabisa. Jioni barabara zetu zinajaa watu wanaotembea kutoka gulioni, baiskeli zilizobeba ndizi pande zote mbili, na bodaboda nyingine hazina taa. Dereva hutazama kioo cha pembeni kupitia kioo cha mlango. Ukimwekea giza pale, saa moja na nusu usiku amekuwa kipofu wa upande. Aliyemwekea hatakuwepo.

Tinti ikishabandikwa, ni kusubiri. Maji yaliyobaki chini ya karatasi hutoka polepole, na huku juu kwetu, kwenye baridi ya Karagwe, hutoka polepole zaidi kuliko Mwanza au Dar es Salaam. Vipovu vidogo vya maji vinavyomtia mteja wasiwasi siku ya kwanza huisha vyenyewe. Lakini kioo kikishushwa kabla gundi haijakauka, raba ya ndani itaishika karatasi kule chini na kuivuta, na kazi yote ya kuipenyeza imepotea. Kagera tunaijua butura, mkulima kuuza kahawa ingali mtini kwa sababu shida imemshika leo, mavuno yakifika anayachuma kwa ajili ya mwingine. Mwenye gari anayeshusha kioo siku ya pili kwa sababu kuna joto anafanya biashara hiyohiyo.

Kwa hiyo fundi hubandika selotepu juu ya swichi zote nne na kumwambia mteja siku ya kuzibandua. Mzee mmoja wa Nkwenda, mwenye Noah ya abiria, alipiga simu kesho yake tu, nikiwa nimekaa palepale gereji. Abiria wanalalamika joto, alisema, na mmoja ameshaanza kuchokonoa selotepu. Ashushe kidogo tu, vidole viwili?

"Mzee wangu," fundi akamjibu, "washa feni, fungua matundu ya hewa ya mbele. Vioo mpaka Jumapili."

"Na nikiwarudishia nauli?"

"Warudishie. Nailoni na klipu zako zote nimeziacha nzima, sitaki nije kukufungulia mlango mara ya pili."

Wakaendelea kubishana juu ya nani atalipa ile nauli.